Shule Zilifunguliwa, Walimu Wakafungiwa Nje

Kila ifikapo tarehe 17 Mei, Wamarekani hukumbuka hukumu iliyotolewa siku hiyo mwaka 1954. Majaji tisa wa Mahakama Kuu ya nchi yao, wote kwa kauli moja, walitamka kwamba kuwatenga watoto Weusi katika shule zao peke yao ni kuvunja katiba. Kesi hiyo hujulikana kama Brown dhidi ya Halmashauri ya Elimu ya Topeka. Vitabu vya historia huwasifu majaji na mawakili, na wanastahili sifa hizo. Lakini sisi tunaoandikia wafanyakazi tunataka kuwataja watu wanaorukwa katika masimulizi hayo: wazazi walioweka majina yao kwenye kesi wakamwagiwa unga, na walimu waliopoteza kazi baada ya kesi kushinda.

Tuanze na Brown mwenyewe. Wasomaji wetu wa reli watamtambua mara moja kuwa ni mwenzao. Oliver Brown alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya reli ya Santa Fe, mjini Topeka, jimbo la Kansas, na katika kanisa lake alikuwa mchungaji msaidizi. Binti yake Linda alilazimika kupita katikati ya njia za reli, penye mabehewa yanayosukumwa huku na huku, ili akapande basi la kumpeleka shule ya Weusi iliyoitwa Monroe. Shule ya Wazungu, Sumner, ilikuwa mitaa saba tu kutoka nyumbani. Mwaka 1950 baba alimshika mtoto mkono wakaenda Sumner kuomba nafasi. Wakakataliwa. Mwaka uliofuata jina lake likawa la kwanza katika orodha ya wazazi walioshitaki.

Kuna jambo moja juu ya Brown ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Mwajiri asingeweza kumwita asubuhi moja na kumwambia arudi nyumbani kwa sababu tu ameishitaki halmashauri. Mtu mwenye kinga ya namna hiyo hulala usingizi tofauti na yule asiyenayo, na hili linaonekana wazi tukienda kusini, jimbo la South Carolina, kwa maana hukumu ya mwaka 1954 haikuhusu Topeka peke yake. Ilijumlisha kesi kutoka sehemu mbalimbali, na mojawapo ilitoka wilaya ya Clarendon.

Clarendon ilikuwa nchi ya pamba, na Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu. Wilaya hiyo ilikuwa na mabasi 30 ya kuwabeba watoto wa Kizungu. Watoto Weusi hawakuwa na hata moja. Katika mwaka wa masomo wa 1949–50, kila mtoto wa Kizungu alitengewa dola 179, na mtoto Mweusi dola 43. Mkulima aitwaye Levi Pearson aliomba basi mwaka 1947. Hakuomba shule ya kuchanganyika wala jambo lolote kubwa, aliomba basi. Kesi yake ikatupwa kwa hoja kwamba shamba lake limekaa kwenye mpaka wa maeneo mawili ya kodi. Wenye maduka wakamnyima mkopo wa mbegu na mbolea.

Mwaka 1949 wazazi wakaandika ombi jingine, na jina la kwanza safari hii lilikuwa la Harry Briggs, aliyekuwa akijaza mafuta kwenye kituo cha petroli huko Summerton. Alikuwa amelitumikia jeshi la majini la nchi hiyo katika vita kuu ya pili. Mkesha wa Krismasi mwajiri wake alimpa zawadi ya katoni ya sigara, kisha akamwachisha kazi. Mkewe, Eliza, alikuwa mfanyakazi wa usafi katika nyumba ya wageni, naye akafukuzwa. Mchungaji Joseph DeLaine, mwalimu aliyewaunganisha wazazi hao, aliondolewa kazini; mwaka 1955 kanisa lake likachomwa moto, na hatimaye akakimbia jimbo. Briggs alikwenda Florida kutafuta riziki mbali na watoto wale wale aliowapigania. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwatunuku watu hawa medali ya dhahabu. Harry Briggs alikuwa amekwisha kufariki miaka kumi na saba kabla.

Kesi nyingine kati ya hizo ilianza kwa mgomo. Tunaieleza kwa furaha kidogo, kwani waliogoma walikuwa watoto na walijipanga kuliko watu wazima wengi tunaowafahamu. Katika mji wa Farmville, jimbo la Virginia, shule ya sekondari ya Weusi ilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 180, lakini ilikuwa na zaidi ya 400. Halmashauri iliongeza vibanda vilivyofunikwa karatasi za lami. Tarehe 23 Aprili 1951 mwalimu mkuu alipigiwa simu kwamba wanafunzi wake wana matatizo mjini. Alipotoka tu, wanafunzi wote wakaitwa ukumbini, na pale jukwaani akasimama Barbara Johns, msichana wa miaka 16. Aliwaomba walimu watoke, akaeleza madai, na shule nzima ikagoma kwa muda wa wiki mbili. Wakili walipofika waliwaambia hawatatetea madai ya jengo bora la Weusi; watatetea kuondolewa kwa ubaguzi wenyewe, na wazazi wakakubali.

Mwalimu mkuu yule hakupewa mkataba mpya. Msichana akapelekwa kuishi na mjomba wake jimbo la Alabama kwa ajili ya usalama. Na wilaya hiyo, Prince Edward, ilipoamriwa kuchanganya watoto, ilifunga shule zake zote za serikali kuanzia mwaka 1959 hadi 1964. Wazungu wakajijengea shule ya binafsi. Watoto Weusi wapatao 1,700 wakabaki bila shule, isipokuwa wale ambao wazazi wao waliweza kuwapeleka kwa ndugu wa mbali au kwenye madarasa ya makanisani.

Sasa tuje kwa walimu, ambao ndio hasa tuliowakusudia.

Walimu Weusi ndio waliotangulia kwenda mahakamani. Mjini Norfolk, Virginia, mwalimu Aline Black alidai mshahara sawa na wa mwalimu Mzungu mwenye elimu na uzoefu kama wake. Mwaka 1939 akanyimwa mkataba. Mwenzake, Melvin Alston, akaichukua kesi, na mwaka 1940 mahakama ya rufani ikasema kwamba kulipa mishahara kwa kufuata rangi ni kinyume cha katiba. Wakili wao mmoja alikuwa kijana aitwaye Thurgood Marshall, huyo huyo aliyeongoza kesi ya Brown baadaye. Kwa hiyo katika safari ya kuifikia hukumu ile ya 1954, kudai mshahara kulitangulia. Tunapenda watu walijue hilo.

Lakini hukumu ilizungumza juu ya watoto. Juu ya walimu wao haikusema neno. Huko Topeka, mwezi Machi 1953, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hukumu, mkuu wa shule za mji aliwaandikia baadhi ya walimu Weusi kuwaarifu kwamba huenda mikataba yao isiongezwe. Sababu aliitaja bila kuficha: ubaguzi ukiondolewa, alidhani wakazi wengi hawatataka walimu Weusi wafundishe watoto wa Kizungu. Yaani kesi haijaamuliwa, na hesabu ya nani atalipa gharama imekwisha pigwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mji wenye shule mbili, moja ya kila rangi, ukiamriwa kuziunganisha, ilifungwa ile ya Weusi. Watoto wakahamia shule ya Wazungu. Walimu wa Kizungu wakabaki mahali pao, na walimu Weusi wakaambiwa hakuna nafasi. Mwalimu mkuu Mweusi, aliyekuwa mtu wa kuheshimiwa na mji mzima, aliyejua kila mzazi kwa jina, akifanikiwa kubaki alishushwa kuwa msaidizi. Mjini Moberly, jimbo la Missouri, mwaka 1955 walimu Weusi wote 11 waliachishwa. Baadhi yao walishitaki. Mahakama ikasema halmashauri ilikuwa imelinganisha sifa za kila mwalimu kwa haki. Ndugu msomaji, kulinganisha sifa za walimu wa mji mzima na kukuta kwamba wote 11 wasiofaa ni wa rangi moja! Tumeona waajiri wengi wakitumia neno “sifa”, lakini hapo lilifanyishwa kazi ngumu sana.

Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1954 na 1965 walimu na walimu wakuu Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 ya kusini na ya mpakani.

Je, vyama vya walimu vilikuwa wapi? Jibu si la kujivunia lote. Shirikisho la Walimu la Marekani liliunga mkono kesi ya Brown mahakamani, na mkutano wake wa mwaka 1956 ukaamua kwamba tawi lolote litakalokataa kuchanganya wanachama litaondolewa. Matawi ya miji mikubwa ya kusini yakaondoka, na ada zake zikaondoka nayo. Hicho kilikuwa kitendo. Chama kingine kikubwa zaidi, Jumuiya ya Taifa ya Elimu, kilikwenda polepole. Kiliungana na chama cha walimu Weusi mwaka 1966, wakati maelfu ya wale ambao wangelindwa na muungano huo walikuwa tayari hawana madarasa. Chama kinachongoja wanachama wafukuzwe ndipo kiungane, kinaungana na nani?

Habari hii ina uzi unaofika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa shule za rangi ni nini. Chini ya mkoloni kulikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na katika reli na ofisi za serikali mshahara nao ulipangwa kwa ngazi hizo hizo tatu. Tom Mboya, akiwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, alizunguka Marekani mwaka 1959 akitafuta nafasi za masomo kwa vijana, na huko Atlanta alikaribishwa chakula na Martin Luther King. Kisha mwaka 1960, Waafrika wa Kenya walipokwenda London kwa mazungumzo ya katiba huko Lancaster House, mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall. Aliandika rasimu ya haki za raia. Na tazama mambo ya dunia: mtu aliyeuangusha ubaguzi wa shule kwao, kwetu alifanya kazi ya kuandika vifungu ambavyo vingewalinda pia Wazungu na Waasia na mali zao. Wengine hawakupendezwa. Yeye aliona kwamba haki isiyomlinda aliye mchache si haki, na kwamba hilo alijifunza kwao kwa uchungu.

Marshall baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu hiyo hiyo, Mweusi wa kwanza. Alikuwamo mwaka 1974 wakati mahakama, kwa kura tano dhidi ya nne, ilipokataa mpango wa kuchanganya watoto wa mji wa Detroit na wale wa vitongoji vyake. Marshall alikuwa upande wa wale wanne. Wazungu walikuwa wamehamia vitongojini, Weusi wamebaki mjini, na mahakama ikasema mpaka wa halmashauri usivukwe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 shule nyingi za Marekani zimekuwa zikirudi kutengana, safari hii bila sheria kuandika hivyo. Na walimu? Katika mwaka wa masomo wa 2020–21, walimu Weusi walikuwa asilimia 6 tu ya walimu wa shule za serikali nchini humo, hali wanafunzi Weusi walikuwa kama asilimia 15.

Yuko mwalimu mmoja ambaye hatuwezi kumaliza bila kumtaja. Septima Clark alianza kufundisha South Carolina mwaka 1916. Mwaka 1945 alishiriki katika kesi ya mishahara sawa mjini Columbia. Mwaka 1956 jimbo lilipitisha sheria ya kumzuia mtumishi yeyote wa umma kuwa mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi kilichoendesha kesi ya Brown. Katika shule moja ya Elloree walimu 21 walikataa kuukana uanachama, wakapoteza kazi. Bibi Clark naye, huko Charleston, alikataa. Akafukuzwa baada ya miaka 40 ya kazi, na pensheni akanyimwa.

Akaenda Highlander, shule ya wafanyakazi katika milima ya Tennessee. Kutoka huko, Januari 1957, yeye na wenzake walifungua darasa la jioni kisiwani Johns, nyuma ya duka, kuwafundisha watu wazima kusoma ili waweze kujiandikisha kupiga kura. Mwalimu wa darasa hilo, Bernice Robinson, alikuwa mtengeneza nywele. Walimchagua kwa makusudi: mwenye saluni yake hulipwa na wateja wake, watu Weusi, kwa hiyo hapakuwa na bwana Mzungu wa kumfukuza. Madarasa ya namna hiyo yakaenea kusini kote.

Pensheni ya Septima Clark ilirudishwa mwaka 1976. Alikuwa na umri wa miaka 78.