Safu Moja Msikitini, Milango Mbali Nyumbani



Miezi michache iliyopita tulifuatana na wazee wa kijana mmoja wa Kidigo kwenda kuposa katika nyumba ya jamaa wa asili ya Kiarabu, hapa Mombasa. Kijana anasali, ana kazi ya halali, na binti mwenyewe ameridhia. Tulikaribishwa kwa kahawa na halua. Kisha jawabu likaja kwa upole: kijana hana ila, lakini "si mwenzetu". Aliyetamka neno hilo husimama bega kwa bega na baba wa kijana katika sala ya alfajiri.

Tulitahayari. Mji wetu umekusanya Wamijikenda, Wabajuni, Wahadhrami, Wabaluchi na Wahindi. Twasali safu moja, twafuturishana, twazikana. Mlango wa ndoa ndio tunaoufunga.

Tukumbuke kisa cha Bi Fatima bint Qays kilichopokewa katika Sahihi Muslim. Alikuwa Mkureshi, akaposwa na Muawiya na Abu Jahm. Mtume (S.A.W.) akamshauri aolewe na Usama bin Zayd, ambaye babake aliwahi kuwa mtumwa na mamake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi. Mwanzo Bi Fatima hakupendezwa. Alipotii, Mwenyezi Mungu aliitia ndoa ile kheri, hata akaonewa ghera.

Wako watakaotaja kufu. Ni kweli, katika fiqhi ya Kishafii nasaba yatajwa humo. Lakini kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao waweza kuisamehe. Haikuwekwa iwe fimbo ya kumdharau Muislamu.

Enyi akina mama, sehemu kubwa ya dawa imo mikononi mwenu. Mapenzi baina ya nyumba hayaanzi siku ya posa. Huanza kwa sahani ya futari, kwa kumzuru mzazi, kwa kukaa pamoja matangani. Tena tuzichunge ndimi zetu mbele ya watoto, kwani jikoni ndiko mtoto anakojifunza nani "mwenzetu" na nani siye.

Nasi tumeazimia, inshaallah, kurudi katika nyumba ile. Safari hii mama wa kijana atatangulia na akina mama wa mtaa, wala posa haitatajwa. Atabisha hodi kama jirani.

Wabillahi tawfiq.