Triathloni Mahali Pasipo na Ziwa

"Adeer, sisi hapa Ifo tutaogelea wapi?"

Kila ninapoanza kueleza triathloni hapa katika kambi yetu ya wakimbizi, swali hilo hunikatiza kabla sijafika mbali, na halikosi kicheko nyuma yake. Sikasiriki. Mwenye kuuliza hivyo keshaelewa nusu ya habari. Tulieni basi, nianze na ile nusu nyingine.

Triathloni ni shindano moja lenye michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko. Unaogelea, unatoka majini mbio, unapanda baiskeli, halafu unaiacha na kumalizia kwa miguu. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, na huko ni kilomita 1.5 za maji, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Hizo ni za mabingwa. Watu wa kawaida, yaani walimu, makanika na wanafunzi, wengi huanza na nusu yake: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Watoto hupunguziwa zaidi.

Sasa sikilizeni mchezo huu ulivyoanza, maana hapo ndipo jibu la swali lenu lilipojificha.

Jioni ya tarehe 25 Septemba 1974, huko San Diego, Marekani, watu 46 walikusanyika kando ya ghuba. Waandaaji walikuwa wanariadha wawili wa klabu ya mji huo, Jack Johnstone na Don Shanahan, waliochoka kuzunguka uwanja ule ule kila wiki. Walitaka kitu cha kuchangamsha mazoezi tu. Wakapanga mbio zinazokaribia kilomita 10, zimekatwa vipande vipande, na baadhi ya vipande vikimbiwe pekupeku kwenye nyasi na mchanga. Baiskeli ilikuwa kilomita 8. Kuogelea hakukufika hata mita 500 jumla, na kulikuja baadaye, watu wakiwa hoi. Giza likaingia wengine wakiwa bado majini, ikabidi magari yaelekezwe ufukweni yawashe taa ili waone pa kutokea.

Mmeona? Mpangilio haukuwa huu wa leo. Kuogelea kulisogezwa mwanzoni baadaye, na nadhani ni busara kubwa, kwa sababu aliyechoka barabarani hukaa chini ya mti, lakini aliyechoka majini hana mti. Wale 46 walitumia walichokuwa nacho: ghuba, nyasi, baiskeli za nyumbani. Watu wa nchi za theluji nao, ambako maziwa huganda, wana triathloni yao ya kipupwe: wanakimbia, wanaendesha baiskeli, kisha wanateleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni. Hakuna anayewaambia kwamba yao si triathloni.

Mmoja wa wale 46 alikuwa askari wa majini, John Collins. Mwaka 1978 yeye na mkewe Judy walianzisha shindano refu la kutisha visiwani Hawaii: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha mbio za marathoni nzima. Walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Aliyekuwa akiongoza, John Dunbar, aliangushwa na jambo ambalo mtoto wa Ifo hahitaji kufafanuliwa: wasaidizi wake waliishiwa maji ya kumpa. Gordon Haller akampita, akashinda baada ya karibu saa 12.

Turudi kwetu. Kabla sijasema tutafanya nini, niseme tusichofanya. Mto Tana uko Garissa, safari ya kilomita 100 hivi, na una mamba na viboko. Huko hatuendi kujaribu mikono. Wala msinidanganye na yale madimbwi yanayobaki hapa baada ya mvua kubwa. Mnamo Novemba 2006 mafuriko yaliwatoa maelfu ya watu kwenye makazi yao hapa Ifo, waulizeni mama zenu. Maji kama hayo hupita vyooni kabla ya kufika unapotaka kurukia, rangi yake ni ya chai ya maziwa, na huoni kama chini kuna shimo au seng'enge. Na lagha, yaani mkondo wa maji wa msimu, hata ikiwa kavu kwako, inaweza kuleta maji ya mvua iliyonyesha mbali ambayo wewe hukuisikia.

Atakayetaka kuogelea kweli atajifunza siku yake, kwenye bwawa, na mwalimu pembeni. Siku hiyo mkumbukeni Ibrahim Al Hussein. Alizaliwa Deir ez-Zor, Syria, mji ulio kando ya mto Furati, na baba yake alikuwa mwalimu wa kuogelea. Vita vilimkata sehemu ya mguu wa kulia. Akakimbilia Uturuki, akavuka bahari kwa boti hadi Ugiriki mwaka 2014. Miaka miwili baadaye alibeba mwenge wa Olimpiki ndani ya kambi ya wakimbizi ya Eleonas, mjini Athens, na mwaka huo huo akaogelea kwenye Paralimpiki ya Rio. Mwaka 2024 mjini Paris alirudi katika timu ya wakimbizi, na safari hii mchezo wake ulikuwa triathloni: zile zile mita 750, kilomita 20 na 5 nilizowatajia. Hata wanariadha hao wa Paris walingojeshwa siku moja, kwa sababu mvua ilichafua maji ya mto Seine. Kwa hiyo maji machafu si shida ya Ifo peke yake.

Basi tupange yetu. Kuogelea ni kazi ya mikono na mabega, kwa hiyo tutafute kazi ya mikono na mabega. Hapa ninyi ni mabingwa tayari: wilibaro na jerikeni. Tuweke jerikeni ya lita 10, isukumwe mita 400 bila kumwaga, na atakayemwaga arudi akajaze, tena asimame foleni kama kila mtu. Maji hayo yatanywewa mwisho wa mbio, tusije tukapatwa na ya Dunbar.

Kisha baiskeli. Mchanga wetu mwekundu humeza magurudumu, kwa hiyo punguzeni upepo kidogo, tairi litanuke na kukanyaga juu. Adui mwingine ni miiba ya mathenge. Ni mti ule ule ambao wafugaji wa Baringo waliushtaki mpaka wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani, wakisema matunda yake matamu ndiyo yaliyommaliza meno. Mbuzi huyo simjui, ila pancha za mathenge nazijua. Tutapita njia pana iliyofagiliwa, na wakubwa wawili watasimama kwenye kona kuzuia boda boda na mikokoteni ya punda.

Pale mnapobadilisha mchezo ndipo wengi hupoteza muda, na ndipo napenda kutazama kuliko penginepo. Mwenye akili hutandika mkeka wake mapema. Raba zimefunguliwa midomo, kamba zimetolewa na badala yake kumepitishwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vinavyovutika, mguu unaingia bila kufunga fundo. Helmeti imelazwa chali juu ya usukani, mikanda yake ikining'inia nje. Anafika, anaivaa, anasikia kidude cha kidevuni kikilia ta, ndipo anagusa baiskeli. Hiyo ni kanuni ya dunia nzima: ukiondoa baiskeli yako kabla ya kufunga helmeti, unaadhibiwa. Na hupandi hapo hapo. Unaisukuma mpaka mstari wa kupandia, la sivyo mtagongana kama mbuzi langoni.

Wasichana, nawasikia mnanong'ona. Kanuni za triathloni zinaruhusu vazi linalofunika mwili wote, na hijabu pia, helmeti ikakaa juu yake. Ila chagueni hijabu ya kuvuta, isiyo na pini, kwa maana pini chini ya helmeti itakuchoma njia nzima. Na gauni la dirac libaki nyumbani. Mnyororo wa baiskeli hauheshimu kitambaa kizuri.

Mkishuka kwenye baiskeli mtacheka. Miguu itakuwa mizito, kama si yenu. Ni kwamba muda wote huo misuli imezoea kuzungusha pedali ukiwa umekaa na kiuno kimekunjwa, kisha ghafla unaidai ibebe mwili mzima na kuurusha mbele. Inahitaji dakika chache kukumbuka kazi yake. Dawa ni mazoezi: ukimaliza kuendesha, usikae, kimbia kidogo hapo hapo. Anzeni kwa hatua fupi. Atakayetoka kwa kasi ya kujionyesha mbele ya binamu zake, tutampita kabla ya msikiti.

Tutaanza baada ya swala ya alfajiri. Ikweta imepita karibu kabisa nasi, jua hapa halichelewi mwezi wowote, na ikifika saa tatu mchanga unaunguza. Kila mtu anywe kabla hajaanza. Anayesikia kizunguzungu au baridi mwilini huku jua limewaka, anakaa kivulini na kumwita mkubwa, hata kama anaongoza.

Limebaki la baiskeli, maana nimewahesabu ninyi na nimezihesabu zenyewe, na hazitoshi. Kwingi duniani watu wa kawaida hushindana kwa timu ya watatu: mmoja anaogelea, wa pili anaendesha, wa tatu anakimbia, na hupokezana kitambaa chenye kifaa cha saa, kinachofungwa kifundoni. Sisi tutapokezana leso. Timu zitaondoka moja moja, inayofuata ikingoja baiskeli irudi, kisha tutalinganisha dakika kwenye karatasi. Kwa hiyo anayemaliza kwanza si lazima awe mshindi, na msianze kugombana kabla hesabu haijaisha. Haya, nani ana simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na chaji imebaki ngapi?