Je, Wajua? Nyota Ikimetameta, Mwanaastronomia Hununa

Je, wajua kwamba kumetameta si kazi ya nyota? Mwanga wake husafiri miaka mingi umetulia, kisha huyumbishwa kwenye kilomita chache za mwisho na tabaka za hewa ya joto na ya baridi zinazopishana juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo anayetafuta mahali pa kujenga kituo cha darubini huanza kwa kupima utulivu wa hewa: huelekeza darubini ndogo kwenye nyota moja angavu na kuona taswira yake inavyotikisika, usiku baada ya usiku, kwa miaka. Wanaastronomia wa Ulaya walianza kupima hivyo Afrika Kusini mwaka 1955. Kufikia 1963 walikuwa wameichagua Chile.

Tuipime Nakuru basi. Jiji liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Menengai hufika mita 2,278. Kimo si haba. Taabu ni Bonde la Ufa lenyewe. Usiku hewa baridi huteremka kutoka Mau na Nyandarua, ikatuama chini karibu na maziwa. Alfajiri kuna ukungu, na umande umeshailowesha lenzi. Mvua ya masika ikipita, Agosti hunyesha tena. Na mawingu huhesabiwa hata gizani: setilaiti ya Meteosat, kilomita 36,000 juu ya Ghuba ya Guinea, huyatambua usiku kwa ubaridi wake, kwani vilele vya mawingu ni baridi kuliko ardhi. Ongeza mvuke wa mitambo ya jotoardhi ya Olkaria na taa za jiji linalotanuka, utaelewa kwa nini macho ya wanaotaka darubini kubwa ya Kenya yameelekea kwenye milima mikavu ya kaskazini.

Hata hivyo Nakuru ina utajiri ambao Ulaya haiupati. Ikweta inapita kaskazini kidogo tu, upande wa Mogotio, kwa hiyo karibu makundi yote 88 ya nyota huonekana hapa mwaka ukizunguka. Jua nalo huzama karibu wima: saa moja na robo hivi baada ya machweo, giza limekamilika. London mwezi Juni giza hilo halifiki kabisa.

Je, wajua pia kwamba kuna darubini zisizojali mawingu? Chini ya Mlima Longonot, ndani ya Kaunti ya Nakuru, kuna kituo cha setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970 kupitisha simu za kimataifa. Nyaya za baharini zilipochukua kazi hiyo, dishi lake la mita 32 likapendekezwa kuwa darubini ya redio. Ghana ilishafanya hivyo na dishi lake la Kutunse, lililozinduliwa mwaka 2017. Kwangu hii ndiyo hazina halisi ya astronomia Nakuru, ingawa haikujengwa kwa ajili ya nyota.

Mpimaji wa Longonot huuliza maswali mengine kabisa. Mawimbi marefu ya redio hupenya wingu bila shida. Adui ni minara ya simu, redio za upepo na cheche za injini barabarani. Simu moja mfukoni, ikiwa karibu na dishi, hupiga kelele kuliko galaksi nzima.