Mafuta Yanayozunguka Moyo

Nenda buchani ukaombe moyo mzima wa ng'ombe kabla haujakatwakatwa. Usoni pake utaona mifereji iliyojaa mafuta meupe yanayoelekea umanjano. Ipasue taratibu kwa ncha ya kisu na utakuta mshipa umelala humo ndani. Ndio mshipa unaoulisha moyo wenyewe, na wa binadamu umepangwa vivyo hivyo.

Mafuta hayo si adui. Mtu mzima mwenye afya anayo, na yanaweza kufikia takriban sehemu moja ya tano ya uzito wa moyo. Yanaikinga mishipa isitikisike kila moyo unapodunda, na yanaupa msuli nishati. Shida ni mahali yalipo. Hakuna utando unaoyatenga na moyo, na yanapata damu kutoka mishipa ile ile yanayoizunguka. Kwa hiyo chochote yanachokitoa kinaufikia ukuta wa mshipa bila kizuizi.

Yakizidi, chembe zake hujaa kupita kiasi, askari wa kinga ya mwili huvamia, na kemikali za mcharuko huanza kutoka. Mwaka 2003, Tomasz Mazurek na wenzake walichukua mafuta ya moyoni na ya mguuni kwa wagonjwa wale wale waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Ya moyoni yalikuwa na kemikali hizo nyingi zaidi, awe mgonjwa mnene au mwembamba.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni wa kimaumbile. Wapo watu wanaozaliwa na kipande cha mshipa kilichozama chini ya msuli wa moyo, mahali mafuta hayakigusi. Kipande hicho mara nyingi hubaki safi hata pale sehemu iliyo kabla yake imeziba kwa utando wa lehemu. Baadhi ya wataalamu wanasema ni kwa sababu ya namna damu inavyopita humo, na huenda sababu zote mbili zina nafasi yake. Tena athari haiendi upande mmoja tu: watafiti wa Oxford walionesha mwaka 2017 kwamba mshipa wenye mcharuko nao huyabadilisha mafuta yanayouzunguka, na badiliko hilo linaonekana kwenye picha za CT.

Haya yanaihusu vipi Chisenga, kisiwa cha wilaya ya Nchelenge, Zambia, katika Ziwa Mweru, ambako watu wanavuta nyavu na kupiga makasia? Watafiti wengi waliofika Nchelenge walifuata malaria, na ni haki, kwa kuwa malaria inaua sana huko. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulihesabiwa kuwa wa wakubwa wa mjini. Hata mjini Kampala, Uganda, ulionekana nadra kwa Waafrika: daktari Hugh Trowell na mwenzake waliporipoti mgonjwa wake mmoja tu Mwafrika mwaka 1956, lilikuwa jambo la kuandikwa kwenye jarida la kitabibu.

Uganda hiyo hiyo imetupa somo jipya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watu 100 wenye VVU wanaotumia ARV walilinganishwa na 100 wasio navyo, wote wakiwa na umri wa miaka 45 au zaidi. VVU na mafuta yanayozunguka moyo, vyote viwili, vilihusishwa na kasoro za umbo na utendaji wa moyo. Jamii za wavuvi katika maziwa yetu zimeumizwa sana na VVU. Leo ARV zinawafikisha watu uzeeni, na uzee huo unastahili kulindwa. Mwaka 2023 jaribio kubwa la REPRIEVE, lililohusisha pia wagonjwa wa Uganda na Zimbabwe, lilionesha kuwa dawa ya kushusha lehemu ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 kwa watu wenye VVU.

Mashine ya CT haiko kisiwani. Lakini unene wa mafuta haya unaweza kupimwa kwa altrasaundi ya moyo, na kabla ya hapo futi kamba ya fundi cherehani inatosha kupima kiuno, kwani mafuta ya tumboni na ya moyoni mara nyingi huongezeka pamoja. Anayekuja kliniki kuchukua ARV apimwe siku hiyo hiyo presha, sukari na kiuno. Mazoezi na kupunguza uzito huyapunguza mafuta haya. Uvuvi ukifungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, mwili uliozoea makasia usiachwe ukae tu miezi mitatu.

Na kifua kikibana kama kimefungwa kamba, maumivu yakipanda tayani au kushuka mkononi, jasho la baridi likitoka, boti itafutwe saa hiyo hiyo, hata usiku. Mshipa ukishaziba, msuli wa moyo huanza kufa kabla saa moja haijaisha.