Nzuri, Ila…

Kila mwaka chama chetu huwafundisha wanachama wapya maamkizi kabla ya kitu kingine chochote. "Habari za leo?" "Nzuri." "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Tunasimama wawili wawili, tunacheka, tunagawana biskuti, na baada ya nusu saa kila mtu anaondoka akiamini anajua kuamkiana kwa Kiswahili. Mimi mwenyewe nimewafundisha wenzangu hivyo kwa miaka miwili. Mwaka huu nataka tufundishe zaidi kidogo, na makala hii inaeleza kwa nini. Ni makala ya habari za mji mdogo wa Pangani, mkoani Tanga, na jinsi nilivyoshindwa kuzisikia.

Simu ya Jumapili

Baba yangu alizaliwa Pangani. Mimi nilizaliwa hapa Uingereza. Kiswahili changu ni cha jikoni: najua kutumwa, kukaripiwa na kuombewa dua, lakini ngeli zinanitoa jasho hadi leo, na walimu wetu ni mashahidi.

Shangazi yangu, dada yake baba, hupiga simu kila Jumapili. Simu ikilia, mambo huwa yale yale. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo. Habari za huko?" "Nzuri." Hapo nampa baba simu, nami narudi kwenye shughuli zangu. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka sita au saba. Kwangu neno "nzuri" lilikuwa mwisho wa zamu yangu.

Jumapili moja ya Februari, mwaka wangu wa kwanza chuoni, nilikwenda nyumbani kufua nguo. Baba alikuwa kazini, na simu yake aliisahau mezani. Shangazi akapiga. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za huko, akasema, "Nzuri." Nikamwambia, "Haya, alhamdulillahi. Baba yuko kazini, nitamwambia umepiga." Nikakata. Nakumbuka alikuwa ameanza neno jingine. Nakumbuka pia kwamba nilikuwa na basi la kuwahi. Na ujumbe wenyewe sikuufikisha, kwa sababu nilisahau.

Neno aliloanza shangazi lilikuwa "ila". Babu alikuwa hajala kwa siku tatu. Shangazi aliamini ujumbe umefika, akangoja kaka yake apige. Hakupiga. Jumanne usiku akapiga tena yeye mwenyewe, akampata. Baba akatafuta tiketi, akaondoka Alhamisi. Babu alifariki alfajiri ya Ijumaa, baba akiwa bado njiani, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala. Baba alifika Jumamosi, akaonyeshwa kaburi.

Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa baba hakujua kwamba simu ya Jumapili ilipigwa. Tuliojua tulikuwa wawili, mimi na shangazi.

Mji na mto wake

Likizo ya Julai nilikwenda Pangani kwa wiki tano. Nilikuwa nimewahi kufika mara moja nikiwa mdogo, na nilichokumbuka ni mbu na madafu tu.

Mji wenyewe uko pale mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi, kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga. Maji ya mto huo hutoka mbali, huko Kilimanjaro na Meru. Upande mmoja ni mjini, penye boma la zamani, soko, misikiti na nyumba za kale ambazo chokaa yake inabanduka. Ng'ambo ni Bweni. Wanaosoma historia hapa chuoni watalikumbuka jina la Pangani kwa sababu ya Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na akanyongwa hapo Desemba 1889. Lakini katika wiki tano zote sikumsikia mtu akimzungumzia Bushiri bila kuulizwa. Watu walikuwa na habari zao.

Habari kubwa ilikuwa daraja. Tangu zamani, aliyetoka mjini kwenda Bweni alivuka kwa kivuko. Wakati huo lilikuwa likijengwa daraja la mita 525, ambalo ni sehemu ya barabara ya kutoka Tanga kupita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo. Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu daraja. Mwenye bodaboda alihesabu safari atakazopata. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga karibu na kivuko alihesabu wateja atakaopoteza, kwa maana wateja wake ni watu wanaosubiri, na darajani hasubiri mtu.

Habari ya pili ilikuwa maji ya chumvi. Mzee mmoja mwenye minazi kando ya mto alinieleza kwamba siku hizi maji ya bahari hupanda mtoni mbali kuliko alipokuwa kijana. Huko juu maji ya mto yanazuiwa kwa mabwawa na kutumika kumwagilia mashamba, kwa hiyo yanayofika Pangani hayana nguvu ya kuisukuma bahari. Nilipomuuliza anafanya nini, alisema, "Nawaambia watu." Nilidhani ananitania, lakini hakuwa akicheka.

Habari ya tatu ilikuwa dagaa: kama wamepatikana, bei yake, na wanunuzi gani wamekuja kutoka bara.

Jinsi habari zinavyokwenda

Mwanzoni niliuliza swali la kizungu kidogo: gazeti la mji liko wapi? Binamu zangu walicheka. Ipo redio ya jamii, Pangani FM, na ipo mbao ya matangazo kwenye ofisi ya kata. Msikiti una kipaza sauti. Simu zina makundi ya WhatsApp, la ukoo, la mtaa, la waliosoma pamoja, hata la wauza samaki. Lakini njia ya kwanza ni baraza, ile ya saruji mbele ya nyumba, ambapo mtu huketi jioni na kila anayepita lazima aamkie.

Wala watu wa sehemu hizi si wageni wa habari za kuandikwa. Mwalimu wetu mmoja alitueleza darasani kwamba gazeti la Kiongozi lilichapishwa Tanga wakati wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, na kabla yake wamisionari Waanglikana walichapa Habari za Mwezi huko Magila. Nilipofika Pangani ndipo nilipoelewa kwa nini magazeti yale ya mwanzo yalipenda neno "habari" na kupokea barua kutoka miji mbalimbali. Ilikuwa ni baraza imewekwa kwenye karatasi.

Siku ya nne nilikuwa nimeketi barazani na shangazi, nachambua mchicha. Jirani akaja. Nitaandika mazungumzo yao kama nilivyoyasikia.

"Hodi."

"Karibu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Nzuri, wote wazima."

"Za kazi?"

"Tunashukuru Mungu."

Nilijua mazungumzo yamekwisha. Nikarudi kwenye mchicha. Shangazi hakusema neno. Akamsogezea mgeni mkeka, akammiminia kahawa, akangoja. Jirani akanywa mafunda mawili.

"Ila yule mwanangu mkubwa, mashine ya boti imekufa. Leo siku ya nne hawajaingia baharini."

Shangazi akauliza mashine ni ya nani, fundi kasema nini, na nyumbani wanakula nini. Kisha akaniambia niingie ndani, nipime kilo mbili za unga. Jirani alipoondoka, mfuko wa unga ulikuwa chini ya khanga yake, na hakuna aliyeutaja.

Nilikaa kimya muda mrefu. Halafu nikauliza kwa nini alisema nzuri mara mbili, na hali kumbe si nzuri.

"Huwezi kumtupia mtu shida yako bado kasimama mlangoni," shangazi alisema. "Kwanza aketi. Nzuri ni ya kumkaribisha. Habari inakuja baadaye, ukingoja."

"Na asiyengoja?"

Shangazi aliniangalia. Alijua ninachouliza.

Nikamwomba radhi, kwa Kiswahili kibovu kuliko siku zote, maana nilikuwa nalia. Nilimwambia nilisikia kwamba ameanza neno. Nilimwambia sikumwambia baba. Shangazi alichukua ungo wa mchicha mapajani mwangu akauweka chini.

"Nami nilikosa," alisema. "Ningekuita tena. Nilisema moyoni, huyu mtoto ana haraka, atamwambia baba yake. Babu yako umri wake ulikuwa umefika. Lakini baba yako angemkuta." Hakuongeza la kunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Tukamaliza mchicha.

Msiba wa ng'ambo

Wiki ya tatu alifariki bibi mmoja wa Bweni. Sikumjua. Habari ilitangazwa msikitini baada ya swala ya alfajiri, na kabla jua halijawa kali wanawake sita wa mtaa wetu walikuwa wamesimama mbele ya nyumba na masufuria kichwani. Shangazi akanipa ungo na khanga ya pili. Nilisema simjui marehemu. "Umesikia kafa," alijibu. "Basi."

Tulivuka kwa kivuko. Huko kwenye kivuko ndiko nilikojua marehemu alikuwa nani, watoto wake wako wapi, nani ameshapigiwa simu na nani bado. Mwanamke mmoja alisema daraja likiisha watu watafika mazikoni haraka, lakini watafika hawajui la kusema, kwa sababu mambo yote huambiwa hapa majini. Mwingine akamjibu kwamba mgonjwa hangoji kivuko, na yeye daraja analitaka hata leo. Walibishana mpaka tukafika, na sidhani kama aliyeshinda alikuwepo.

Msibani nilichambua mchele mpaka vidole vikafa ganzi. Alasiri alipita mzee na daftari, akiandika ubani. Nilitoa shilingi 5,000. Hakuniuliza jina langu. Aliuliza mimi ni wa nani, nikamtajia babu, akaandika: mjukuu wa fulani, kutoka Ulaya, 5,000. Nilipoona maandishi yale nilielewa kitu ambacho sikukielewa siku zote nilipokuwa nasoma ujumbe wa kundi la ukoo kwenye simu. Huku tulipo tunapokea habari nyingi kutoka kwetu: fulani ameoa, fulani amelazwa, mvua imebomoa ukuta. Tunaweka kidole gumba, tunaendelea. Pangani mtu akipewa habari, amepewa na kazi pia. Aende, apeleke unga, amwambie mwingine, au aketi tu. Mzee wa minazi hakuwa ananitania. Kuwaambia watu ndiyo kazi aliyobaki nayo, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kuifikisha. Ndiyo maana nimeiandika hapa.

Kurudi

Nilirudi Agosti. Mwezi wa Septemba nilimweleza baba habari ya simu ile. Nilianza kwa kumpikia chai na kumuuliza habari za kazi, akasema nzuri, na safari hii tulielewana kwamba mimi ndiye mwenye "ila". Nilipomaliza hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza shangazi alisema maneno gani hasa siku ile. Nikamwambia alisema nzuri, na akaanza neno. Baba akatikisa kichwa, akainuka, akaenda kumpigia dada yake simu, ingawa ilikuwa Jumatano. Waliongea saa nzima mlango ukiwa umefungwa. Hatujalizungumza tena, lakini siku hizi simu ya Jumapili ikilia, baba ananiacha nipokee.

"Habari za huko?"

"Nzuri, mwanangu."

Halafu nangoja. Wakati mwingine hakuna kitu, tunasikiliza kuku wake na pikipiki zinazopita. Wakati mwingine nahesabu moyoni hadi kumi na inakuja: ila jirani kapata mashine nyingine, ila umeme umekatika tangu juzi, ila nguzo za daraja sasa zinaonekana kutoka barazani. Naandika kwenye daftari, namsomea baba, na tunaulizana kuna la kufanya au la. Mara nyingi lipo, hata kama ni simu tu.

Kwa hiyo wanachama wenzangu, naomba mwaka huu tunapowasimamisha wageni wetu wawili wawili, tuwafundishe kuuliza habari na kujibu nzuri kama kawaida. Kisha tuwaambie wasiondoke. Wakae kimya kwa muda kidogo, hata kama wanaona aibu, wamtazame mwenzao, wangoje. Na wenzangu tuliozaliwa huku, tunaodhani maamkizi ndiyo sehemu ya Kiswahili tunayoijua vizuri kuliko zote, tufanye zoezi hilo Jumapili, simu ikilia.