Usitupe Mbachao: Siri ya Taa za Amplifaya

Usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hii naijua tangu ningali chuoni nikisoma juzuu ya Amma, na mara nyingi nimewausia wenzangu kwayo. Kumbe mwenyewe sikuizingatia! Aliyenizindua ni fundi mmoja wa Nakuru, na kilichonizindua ni amplifaya ya gita.

Nilikuwa nimepanda bara kwa arusi ya jamaa zetu wa Bondeni, mtaa wenye Waislamu wengi tangu zamani. Siku moja kabla ya shughuli, kijana wetu mpiga gita alinijia uso umemsawijika. "Ami, amplifaya imenyamaza. Fundi wa kwanza asema transfoma imeungua, na bei yake siiwezi." Basi tukaichukua hadi kwa mzee mmoja mtengenezaji redio, ambaye kibanda chake hakina hata kibao cha jina.

Amplifaya yenyewe ni Vox AC30 ya Uingereza. Ndani yake hamna transista, bali mna chupa ndogo za kioo ziwakazo mithili ya taa. Mafundi huziita valvu. Ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza ndani yake waya uliofanya kazi kama wavu wa kuongoza umeme, na kutokana na hapo sauti dhaifu ikaweza kukuzwa. Transista ilipozuka mwaka 1947, valvu zikaanza kutoweka redioni, lakini wapiga gita wengi hawakuziacha. Wasema kwamba zikisukumwa kwa nguvu, sauti hukwaruza kwa utamu. Hata Fundi Konde, mwana wa pwani aliyefariki mwaka 2000, na ambaye alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kupiga gita la umeme, alianza zama ambazo amplifaya zote zilikuwa za valvu.

Mzee yule hakukimbilia bisibisi. Alianza kwa kuuliza, kama tabibu. "Ukiiwasha, spika yavuma japo kidogo?"

"Yavuma, mzee."

"Basi transfoma zi hai. Mfu havumi."

Akaitazama fyuzi, ikawa nzima. Akageuza amplifaya, akatuonyesha vichwa vya valvu. Kila moja ina doa la rangi ya fedha, ling'aalo kama kioo cha kujitazamia. Moja tu, katika zile ndogo ziitwazo ECC83, doa lake lilikuwa jeupe kama maziwa. "Hii imeingia hewa," akasema. "Valvu huishi kwa kutokuwa na hewa. Kioo kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, basi tena." Kisha akamuuliza kijana aliisafirishaje. Kumbe usiku wa dhifa iliyopita aliipakia kwenye pikipiki ingali moto, akapita nayo njia ya mashimo!

Mzee akachopeka valvu nyingine, akasubiri dakika moja, na gita likaitika. Tulilipa thamani ya kitaa kimoja na ujira wa mkono.

Nilimwomba anifunze, nami nawapa wasomaji kama nilivyopokea. Amplifaya ikikwaruza, kwanza zima, ingoja ipoe, kisha angalia kama valvu zimekaa sawa katika vishikio vyake na miguu haina kutu. Ukiiwasha tena, gonga kila valvu ndogo polepole kwa kalamu ya mti: ile itoayo mlio mkubwa kama kengele ndiyo mgonjwa. Badilisha moja moja kwa ile unayojua ni nzima. Ukiona bamba la ndani la valvu kubwa limekuwa jekundu kama kaa, zima papo hapo. Valvu hizo kubwa huwekwa zilizopimwa zikalingana. Usiiwashe kamwe bila spika, maana hapo ndipo transfoma huungua kweli. Na usifungue tumbo la amplifaya kama hukufunzwa. Hata ukiisha kuchomoa plagi, kapasita zake huweza kubaki na volti 300 na zaidi, nazo huua.

Alipokuwa akisema hayo, moyo wangu ulikuwa ukinisuta. Marehemu kaka yangu aliniachia amplifaya aliyopigia taarabu miaka na miaka. Siku moja ilinyamaza, ikabaki kuvuma tu. Nikaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa mizani kama sufuria mbovu. Nilimsimulia mzee, nikamuuliza kama ingepona. Alinyamaza, kisha akasema, "Allahu aalam, shehe. Ungeniletea."

Valvu zingali zatengenezwa Slovakia, Urusi na China, kwa hivyo dawa ipo. Mwenye kuchelewa kupatikana ni tabibu. Nilimuuliza mzee kama ana mwanafunzi. Akasema wawili walikuja, wakaenda zao kutengeneza simu.

Usiku ule gita lilialika hadi watu wakasahau baridi ya Nakuru. Asubuhi kijana alinitafuta, si kwa kuaga bali kwa kuuliza: "Ami, yule mzee aweza kunichukua nikajifunze?" Nikampeleka mwenyewe.