Ukiubana Mto, Utachimba Chini



Ukitoka Kaloleni, ukavuka Jogoo Road na kupitia Shauri Moyo, utaufikia mto Nairobi upande wa Gikomba. Hapo, na kwingi katika Eastlands, kingo za mto zimejazwa vifusi na takataka ili papatikane mahali pa kibanda au chumba. Watu husema, "Maji yenyewe ni kidogo, mbona nafasi ikae bure?" Hebu tuone kama kweli iko bure.

MAJI HAYAPUNGUI KWA KUWA NJIA IMEPUNGUA

Tuseme mto una upana wa mita 10 na kina cha mita 1, na maji yanakwenda mita 1 kila sekunde. Basi kila sekunde zinapita mita za ujazo 10. Tukijaza kifusi mpaka upana ubaki mita 5, mvua ile ile italeta maji yale yale. Kina kisipoongezeka, itabidi yaende mita 2 kila sekunde. Aliyewahi kubana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole anajua jambo hili.

Maji ya polepole hubeba tope laini tu. Yakikaza mwendo huinua mchanga, kisha huviringisha mawe. Kwa hiyo penye wembamba mto huchimba sakafu yake. Nafasi tuliyounyima ubavuni, unaitafuta chini.

HASARA TATU

Kwanza, penye wembamba. Msingi wa ukuta au nguzo ya daraja huchimbwa mpaka ukabaki unaning'inia. Saruji inaweza kuwa nzuri kabisa, na bado ukuta ukaanguka.

Pili, upande wa juu. Mto ukijaa, maji husongamana kama watu kwenye mlango mmoja. Hurudi nyuma, hupanda, na kuingia nyumbani.

Tatu, upande wa chini. Mto ukipanuka tena, mwendo hupungua na mchanga uliochimbwa hutua. Sakafu hupanda, kalvati huziba, na mvua inayofuata humwagikia majirani. Tope laini huendelea na safari: mto Nairobi huingia Athi, ambao huko mbele huitwa Galana na Sabaki, na humwaga tope lake baharini karibu na Malindi, pamoja na udongo wa mashamba.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Mvua ilikuwa kubwa mno, lakini mito iliyobanwa iliongeza madhara. Serikali ikaamuru waliokaa kando ya mito ya Nairobi wahame, na nyumba nyingi zikabomolewa. Wengine walipoteza mara mbili: kwanza kwa maji, halafu kwa tingatinga.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Kifusi kisimwagwe mtoni wala ukingoni, hata kile cha kazi ya kikundi.

2. Pimeni. Fungeni jiwe kwenye kamba, mlishushe kutoka daraja moja la miguu mpaka sakafu ya mto, kabla ya mvua na baada yake. Andikeni katika daftari. Kamba ikizidi urefu, mto unachimba. Ikipungua, mchanga unajaa. Msipime wakati wa mafuriko!

3. Pandeni mianzi au majani marefu ya ng'ombe juu ya ukingo, si ndani ya mkondo. Mizizi hushika udongo bila kuubana mto.

4. Kabla ya kufanya harambee ya ukuta, mwulizeni fundi: msingi utakwenda chini ya sakafu ya mto kiasi gani? Maji ya mafuriko yatapita wapi? Kisha mwende kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) kuomba kibali.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

- Je, ni wapi karibu nasi mto umebanwa? Nani anaumia juu yake, na nani chini yake?

- Jirani amejaza kifusi ili watoto wake wapate pa kulala. Tutazungumza naye vipi, na tutamsaidiaje kupata mahali pengine?